Ringi ya Pikipiki ya Laurenti

Nilifunga safari kwa sababu ya mama yangu na mto. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara, migomba yetu ilibaki ng'ambo ya mto, na daraja la magogo likasombwa na maji. Mama aliendelea kuvuka kwa kushika kamba, ndizi kichwani, maji yakimfika kiunoni. Ukimkataza anakuuliza utakula nini. Jirani yetu alikuwa ameshachukuliwa na maji hayo hayo, na masika yalikaribia. Miti minene ya daraja jipya ilikuwepo, lakini wapasua mbao walikuwa vitani, na chenso ya kijiji, ule msumeno wa injini niliouendesha mimi, ilikuwa imekufa.

Iliuawa na mawese. Vita ilipoanza, oili inayotiwa kwenye petroli ya chenso ilitoweka madukani pamoja na sabuni, na kamati ya kijiji ikaamua petroli ichanganywe na mafuta ya mawese, eti mafuta ni mafuta. Chenso ikanukia kama jiko la harusi. Kisha mawese yakaganda ndani, na ringi, ile pete nyembamba ya chuma inayobana pistoni, ikanata na kukatika. Nilifungua silinda na pistoni, nikavitia kwenye gunia, nikamwomba mama asivuke mpaka nirudi. Alisema amesikia. Hakusema atatii.

Rulenge nilifika asubuhi. Fundi wa misheni alikuwa na ringi za lori tu, ambazo ningeweza kuzivaa mkononi. "Jaribu Nyakanazi," aliniambia. "Malori yote yanapita pale."

Njia ya Biharamulo niliisafiri juu ya magunia ya unga wa askari, mbung'o wakinila msitu mzima. Kwenye kizuizi mgambo alimwaga gunia langu barabarani.

"Hiki nini? Bomu?"

"Chenso, ndugu."

"Chenso gani haina meno?"

"Meno yamebaki nyumbani. Hii ni roho yake."

Hakucheka. Nilipiga magoti nikaokota vipande vumbini, nikimlaani kimoyomoyo.

Nyakanazi magari mabovu yalikuwa yamenyonyolewa kama kuku. Fundi wa pikipiki aliipima silinda yangu kwa vidole. "Pikipiki ya kukufaa ni moja tu, umeipita Nyakahura. Ni ya Laurenti, yuko vitani. Mama yake haruhusu hata kuku kuirukia."

Fundi huyo alikubali kunisindikiza, tukafika Nyakahura kesho yake mchana. Mama Laurenti alikuwa akiifuta pikipiki kwa kipande cha kanga. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza shida yangu. Uso wake ukabadilika.

"Vitu vya mtu hugawanywa siku ya kuanua matanga," alisema. "Mwanangu yu hai. Unataka nimwanulie matanga mtu anayerudi?"

Niliona haya, nikaanza kufunga gunia langu. Ndipo akauliza, "Huyo mama yako ni rika langu?"

"Amekuzidi, mama."

"Na leo amevuka?"

"Sijui. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Aliweka mkono juu ya kiti cha pikipiki. "Ringi yenyewe utairudisha?"

"Siwezi kukudanganya. Nikishaipiga tupa kuipunguza, haiwezi kurudi humu."

"Basi toa moja. Na hiyo yako iliyokatika iache humo humo, mahali pake pasiwe patupu. Akirudi nitamwambia mwenyewe."

Kazi ilituchukua mpaka jioni. Ringi ilikuwa pana kuliko silinda, basi tulizipunguza ncha zake kwa tupa, kidogo kidogo, tukijaribu kila mara. Unene tuliupunguza kwa kuisugua juu ya jiwe bapa kwa mchanga laini na mafuta. Nilikwenda taratibu, maana chuma kile hakipindiki, hukatika. Kila tupa ilipolia, Mama Laurenti aligeuza uso. Tulipomaliza alinipa chupa ya mafuta ya nyonyo, yaani mbarika, nichanganye na petroli. Fundi alisema hayo yanastahimili moto kuliko mawese.

Nyumbani niliikuta kanga ya mama imeanikwa, ikichuruzika maji. Alikuwa amevuka. Nilimfokea kwa furaha ya kumkuta hai, naye akaniuliza kama nimekula. Kesho yake chenso iliwaka, ikatoa moshi mwingi, ikala miti. Daraja lilikamilika mvua zikianza. Mama alilivuka wa kwanza, akalalamika kwamba linateleza.

Mvua zilipokatika nilirudi Nyakahura na mkungu wa ndizi za ng'ambo. Ua ulijaa watu, nami nikajua kabla sijaambiwa. Laurenti alikuwa amefia vitani, na siku ile walikuwa wakianua matanga. Mashati, viatu na redio yake vilikuwa vimepangwa mkekani. Baba yake mdogo alikuwa ameifungua pikipiki, na vipande vya ringi yangu vilikuwa kiganjani mwake. Aliuliza kwa ukali ringi nzima iko wapi.

Mama Laurenti aliniona. "Mama yako anavuka?"

"Anavuka, mama. Miguu mikavu."

Akamgeukia shemeji yake. "Usiitafute. Hiyo haimo kwenye mgawo. Laurenti aliitoa akiwa hai."

Nilitua mkungu, nikaketi na wafiwa, nikalia. Kijijini kwetu husema daraja lile ni la kamati. Mimi safari ile ilinifundisha kwamba lina mwenyewe, naye hakuwahi kulikanyaga.