Nilisema kanuni inamruhusu mwenyekiti, Mama Akinyi akapoteza kibanda

Mhariri, naomba ufiche jina langu na la soko letu. Wanaosoma ukurasa huu ni maelfu, na baadhi yao hupita mbele ya meza yangu kila siku.

Nina umri wa miaka ishirini na mitatu na naishi mtaa mmoja wa Eastlands. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ukarani na kupiga chapa, na sasa ni mwaka wa pili nikiwa karani wa chama cha wachuuzi wa soko lililo kando ya barabara ya Kangundo. Naandika kumbukumbu za mikutano na kutunza kitabu cha kanuni. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza cha kisheria. Katika chama kizima tunaokielewa ni wawili, mimi na mwenyekiti, na yeye ndiye aliyeniajiri.

Mwenyekiti alitaka safu ya vibanda vinavyotazama barabara ivunjwe, tajiri mmoja ajenge maduka. Aliitisha mkutano Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa mtaa. Kufikia saa sita ilikuwa wazi atashindwa, maana wanawake wa samaki na mboga walikuwa wengi na hawakutaka hata kusikia. Ndipo Mzee Athumani, muuza viungo, akaomba mapumziko akaswali Adhuhuri. Mwenyekiti alikubali upesi mno. Wanachama wakanyoosha mikono wakapitisha kwamba tutarudi saa nane kamili, nami nikaandika. Mzee Athumani akaenda msikitini. Akina mama wakakimbia kuangalia bidhaa zao.

Saa saba na robo mwenyekiti aliwaita ndani wanaume waliokuwa uani wakinywa chai, akagonga meza.

Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mzee, mkutano ulisema saa nane."

"Nani mwenyekiti hapa, mimi ama wewe?"

"Ni wewe, mzee."

"Basi andika."

Nikauliza kuhusu akidi, ile idadi ya wanachama inayotakiwa. Akanionyesha majina ya waliotia sahihi asubuhi. "Si hao hapo? Ama umesahau kuhesabu?" Mikono kumi na miwili ikainuliwa. Nikaandika kwamba hoja imepita.

Kanuni haina utata hata kidogo. Saa ya kurudi ikishakubaliwa na mkutano, mwenyekiti hawezi kuibadilisha peke yake, na lolote litakaloamuliwa wakati wa mapumziko ni batili. Niliijua kwa moyo. Nilikuwa nimeipiga chapa mwenyewe kitabu kilipochakaa.

Saa nane wengine waliporudi, ukumbi uliwaka. "Nimeswali rakaa nne tu," alisema Mzee Athumani akiwa bado na kofia kichwani, "nimerudi soko limeshauzwa?" Mwanamume mmoja wa upande wa mwenyekiti akapaza sauti, "Akina mama, leo mmeshindwa na chai!" Wenzake wakacheka.

Ndipo Mama Akinyi alipoinuka. Ni mjane kutoka upande wa ziwa, anauza samaki, na tangu niajiriwe huniita mwanangu. Wanawake wote humsikiliza. "Tulieni, tusipige kelele kama walevi," alisema. "Karani amesoma. Mwanangu, fungua hicho kitabu utuambie. Mwenyekiti anaweza kutuamulia mambo sisi tukiwa nje?"

Nilifungua ukurasa wenyewe. Mwenyekiti alinitazama tu. Mlangoni walisimama wale wanaume wawili wanaomsindikiza kila mahali, ambao mwaka jana walimpiga mwenye duka la kinyozi hadi akahama mtaa. Macho yangu yalisoma kanuni, lakini nilichotamka ni hiki: "Wakati wa mapumziko, mamlaka yote yako kwa mwenyekiti."

Hakuna aliyebisha. Laiti wangebisha! Mama Akinyi alikaa akasema, "Haya. Kama ndivyo ilivyoandikwa, tutafanya nini?"

Vibanda vilivunjwa Jumatano. Mama Akinyi alijaribu kuuza kando ya njia mtaani Pipeline, askari wa kanjo, wale wa jiji, wakamwaga samaki wake matopeni mara mbili. Wenzake waliponitupia maneno, nilimsikia kwa masikio yangu akinitetea: "Msimlaumu mtoto. Yeye alisoma tu kilichoandikwa." Mhariri, afadhali angenitukana.

Wiki iliyopita alikuja ofisini mwenyekiti akiwa hayupo. Anawapeleka watoto wake watatu kwa nyanya yao kwa sababu hawezi tena kuwalisha hapa, na atarudi mwisho wa mwezi. Aliniomba nimwandikie barua kwa Bwana DO, afisa wa serikali wa eneo letu, aombe kurudishiwa nafasi sokoni. "Andika vizuri, mwanangu. Weka kile kitu cha kisheria ambacho sisi hatukijui."

Kitu hicho kipo, tena ni kimoja tu, nacho ni uongo wangu. Nikikiandika, nitakuwa nimejishtaki mwenyewe, na najua kilichompata kinyozi. Nikiandika maneno ya huruma matupu, barua itatupwa. Tena kuna jambo asilolijua. Kila malalamiko yanayofika kwa DO kuhusu soko letu hurudishwa kwa chama ili chama kijieleze. Mimi ndiye hufungua bahasha, na mimi ndiye huandika jibu, mwenyekiti akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Maduka nayo yameshafika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha.

Nimeweka karatasi kwenye mashine mara nne. Naandika tarehe, naandika "Kwako Bwana DO", kisha vidole vinakataa. Ninyi mnaosoma, wengi wenu ni wazazi. Mama huyu anakuja kuchukua barua yake. Niambieni, niandike nini?