Nyanjige Hakufunga Duka

Siku kamera ilipozungumza, mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, natoa kopi vyeti vya mteja. Duka langu la daftari na fotokopi limepakana na cherehani za Nyanjige hapa Somanda, mjini Bariadi, na ukuta wenyewe ni mwembamba. Akicheka yeye, wateja wangu wanatabasamu. Nikasikia sauti ya mwanaume ikisema, "Dada, geukia huku." Nikadhani mume wa mtu kaja kuangalia gauni. Halafu mwanamke akapiga yowe, kitu kikaanguka, na Nyanjige akauliza kwa ukali, "Nani huyo? Toka tukuone!"

Hakutoka mtu. Mle ndani hakukuwa na mwanaume.

Nilipofika nilimkuta Felisita, mwalimu wa shule ya msingi, amejifunga kitenge kifuani. Alikuwa amekuja kufiti gauni la sendofu ya mdogo wake. Nyanjige alikuwa amesimama katikati ya chumba, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, anaangalia juu kwenye kona. Kule kulikuwa na kamera nyeupe, ndogo kama kikombe. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Tukiwa tunaiangalia, ikacheka. Kicheko cha mtu, kabisa.

Nyanjige alipanda juu ya stuli akaing'oa na waya wake.

Mwanamke huyu namfahamu miaka mingi. Kwao ni Kiloleli, wazazi wake walikuwa watu wa pamba. Alipoanza kushona hapa mjini, mafundi wa kiume walimwambia mwanamke ashone magauni na sare za watoto, suruali aziache. Kesho yake alitundika suruali mlangoni, kesho kutwa nyingine, kisha nyingine, mpaka madereva wa malori wakawa wateja wake. Hakugombana na mtu. Alishona tu. Mume wake, Maduhu, ananunua ng'ombe minada ya huko Mwanhuzi, mtu mpole, hapendi makelele. Binti yao Violeth yuko chuo Mwanza. Ndiyo maana sisi majirani tunamwita mama Violeth.

Kamera ilikuja baada ya vitenge vya wateja kuibwa mara mbili. Maduhu aliinunua Mwanza, na kijana fundi wa simu anaitwa Constantine akaja kuifunga. Ilikuwa inatumia intaneti, kwa hiyo Nyanjige aliweza kuangalia duka kwenye simu akiwa sokoni, na hata kuongea kupitia kamera akamwambia mteja asubiri. Sote tuliipenda. Aliielekeza mlangoni na kwenye meza ya vitambaa. Sehemu ya kufiti nguo ilikuwa nyuma ya pazia, kamera haikuiona. Lakini nyuma ya pazia kulikuwa na kioo kirefu, na pazia likiachwa wazi kidogo, kioo kilionekana kutoka kule juu. Hilo hakuna aliyelifikiria.

Jioni ile ile ujumbe uliingia WhatsApp, kwenye namba ya biashara ambayo imeandikwa kwa rangi ukutani dukani kwake. Zilikuwa picha. Nancy, aliyeolewa majuzi. Felisita. Mama mmoja wa kwaya. Wengine pia, wote kwenye kioo, wote nusu ya nguo. Chini yake mtu ameandika: "Rudisha kamera. Ielekeze kwenye pazia, kila siku. Usipofanya, Jumamosi nazituma kwa waume zao na kwa kanisa. Wote wako kwenye ukurasa wako wa Facebook, nimeshawajua."

Nyanjige alinionesha simu.

Maduhu alirudi kesho yake kutoka mnadani, na mazungumzo yao niliyasikia, kwa sababu hawakujaribu kunificha.

"Tufunge," alisema Maduhu. "Nenda Kiloleli kwa muda. Watu wakisahau utarudi."

"Nikafanye nini Kiloleli?"

"Ukae kwa mama. Mke wangu, hizo picha zikitoka, watasema wewe ndiye uliyewauza."

"Nikikimbia ndiyo watasema hivyo," Nyanjige alijibu. "Na yule mtu atajua kwamba akiongea tu, mwanamke wa Bariadi anafunga duka. Atahamia kwa mwingine. Mimi sifungi, baba Violeth. Hata mlango sishushi."

Maduhu alivuta stuli mpaka mlangoni. Kisha akasema, "Basi mimi nitakaa hapa mlangoni."

"Nenda kanunue ng'ombe wako," alisema mkewe, lakini nilisikia sauti yake imelainika.

Constantine aliitwa. Alifika na begi lake la vifaa, akajaribu kucheka. Nyanjige akamuuliza paswedi ya kamera ilikuwa nini.

"Ile ile iliyotoka nayo kiwandani, mama."

"Na kamera nyingine za aina hii?"

Akakuna kichwa. "Zote ni hiyo hiyo. Huwa mteja anabadilisha mwenyewe."

"Uliniambia nibadilishe?"

Kijana akainamia begi lake. Baadaye alitueleza, bila kutuangalia usoni, kwamba kuna watu wanakaa tu mtandaoni wakitafuta kamera zenye paswedi ya kiwandani, kama mtu anayepita mtaani akisukuma kila mlango. Mlango ukifunguka anaingia. Huyu anaweza kuwa Dar, au nchi nyingine, au hapo Malambo ng'ambo ya barabara.

"Umefunga ngapi hapa mjini?" Nyanjige aliuliza.

"Nyingi kidogo. Famasi, gesti, duka la simenti..."

"Tutazipitia zote. Mimi na wewe. Lakini kwanza nina kazi."

Kazi yenyewe hakuijua bado. Alikwenda polisi, dawati la jinsia, na askari wa kike akamwandikia maelezo, akampa RB, namba ya taarifa yake, na maagizo: asifute kitu, asimjibu yule mtu hata neno moja, na kamera ailete. Nyanjige alifanya yote. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja, na polisi hawawezi kuzuia mtu asiyejulikana kubonyeza kitufe.

Alhamisi asubuhi mtandao ukakata.

Mwanzoni nilidhani bando langu limeisha. Nikaongeza, wapi. Vijana waliokuwa wanajaza maombi ya mikopo ya chuo kwenye kompyuta yangu walikaa wakitazama kiduara kinachozunguka, mwisho wakaondoka. WhatsApp haitumi, haipokei. Kupiga simu ya kawaida kulikuwa kunawezekana, redio ikasema kuna hitilafu kwenye nyaya zinazopita chini ya bahari, mafundi wanashughulikia. Mji mzima ulilalamika. Hata mimi nililalamika, maana siku hiyo sikuuza kitu.

Nyanjige aliingia dukani kwangu amevaa viatu vya kutembelea.

"Mama Thomasi, mtandao umekata kote?"

"Kote, wanasema."

"Hata yeye?"

Nilichelewa kumwelewa. "Hata yeye, nadhani."

"Basi leo hawezi kunitangulia," alisema. "Funga hicho kiduara chako twende."

Nilifunga. Tukaenda nyumba kwa nyumba, kwa kila mwanamke aliyekuwa kwenye zile picha, kumwambia kwa mdomo kabla hajaambiwa na simu.

Mama wa kwaya tulimkuta anapepeta mchele. "Mwangaluka, mayu," Nyanjige alimsalimu kwa Kisukuma, na baada ya salamu zote kuisha, hakuzunguka. Alimwambia kilichotokea, picha zilizopigwa, kwamba zimeshikwa na mtu asiyejulikana, na kwamba kamera ilikuwa yake yeye Nyanjige. Yule mama aliweka ungo chini. Akauliza, "Nimevaa ile sidiria ya zamani?" Nyanjige akasema ndiyo. Mama akacheka mpaka akafuta machozi, halafu machozi yakabaki yenyewe bila kicheko. "Mchungaji nitamwambia mwenyewe," alisema. "Nisingependa asikie kwa mhuni."

Si wote walikuwa hivyo. Felisita alitupokea nje ya uzio wa shule, mikono amefumbata. "Niliingia kwako kwa sababu ya heshima yako," alisema. "Sirudi tena. Polisi nitaenda, maelezo nitatoa, lakini kushona nitashona kwingine." Nyanjige alikubali kwa kichwa. Tulipoondoka alitembea mbele yangu njia nzima, na nilijua yale maneno yamemchoma kuliko kicheko cha kamera.

Kwa Nancy ndiyo ilikuwa ngumu. Alipoelewa, alikaa chini sakafuni. Mume wake Mihayo anafanya kazi ghala la pamba, ni mtu wa hasira za haraka, na alikuwa anarudi kula mchana.

"Ataniua," Nancy alisema. "Au atanirudisha nyumbani."

"Nitakaa," alisema Nyanjige.

Alikaa. Mihayo alipoingia alituona, akamwona mke wake analia, akauliza kuna msiba gani. Nyanjige alisimama akamweleza, amemkazia macho. Uso wa yule kijana ulibadilika.

"Kwa nini alivua nguo mbele ya kamera?"

"Alivua nyuma ya pazia, kwa fundi wake, kama mama yako alivyovua nilipomshonea gauni la harusi yako," Nyanjige alisema. "Kosa la kamera ni langu, nimekuja nalo hapa mwenyewe. Kosa la wizi ni la mwizi. Mke wako hana la kwake hapo. Ukitaka kumpiga mtu, anza na mimi niliyesimama."

Nilijiandaa kupiga kelele. Mihayo alishika ukingo wa meza. Mwishowe akamuuliza mkewe, kwa sauti ndogo, "Wewe umekula?" Nancy akatikisa kichwa. Mihayo akaenda jikoni kumpakulia.

Tulipomaliza jua lilikuwa linashuka na miguu yangu ilikuwa imevimba. Ijumaa mtandao bado ulikuwa unasuasua. Wanawake wale, karibu wote, wakakutana kituo cha polisi, hata Felisita, ambaye alikaa benchi la mwisho. Askari alichukua maelezo ya kila mmoja. Akawaambia picha zikiingia kwenye simu ya mtu yeyote, asimtumie mwingine, maana anayesambaza naye ana kosa. Alete simu pale.

Jumamosi mchana mtandao ulirudi wote kwa pamoja, na simu za mji mzima zikaanza kulia kama kuku. Ya Nyanjige pia. Yule mtu alikuwa ameandika mara nyingi: kwanza anatisha, halafu anatukana, halafu anauliza, "Mbona hujibu?" Nyanjige alipiga skrinishoti, akaendelea kukata kitambaa cha sare.

Yule mtu akazituma kweli. Alituma kwa Mihayo, kwa mchungaji, kwa waume na mashemeji aliowaokota Facebook. Alisubiri, nafikiri, kusikia mji ukilipuka. Mihayo alitoka ghalani na vumbi la pamba kichwani akaenda moja kwa moja kituoni, akaweka simu mezani. Mchungaji alikwenda na ya kwake. Shemeji mmoja wa Nyashimo alimpigia kaka yake kwa kelele, akajibiwa, "Tunajua, lete simu polisi." Maneno mtaani yalikuwepo, siwezi kudanganya. Kuna wanawake wawili walioacha kuja kwa Nyanjige, na kuna vijana kijiweni waliopiga mluzi siku moja alipopita. Aligeuka, akaenda pale pale walipokaa.

"Nani amepiga?"

Simu zikaingia mifukoni.

"Mwenye picha azitoe tuzione hapa, mbele yangu. Halafu twende wote kituoni." Wakaanza kuangalia viatu vyao. Tangu siku hiyo wanamwamkia.

Yule mtu baada ya muda akanyamaza. Namba ilionekana imesajiliwa kwa kitambulisho cha bibi mmoja wa mkoa mwingine, ambaye hakujua hata kama ana laini ya pili. Mpaka leo hajakamatwa. Ningependa kusema vingine, lakini ndivyo ilivyo.

Ahadi yake kwa Constantine, Nyanjige aliitimiza. Walizunguka mji mzima, yeye mbele, kijana nyuma na begi lake. Famasi, gesti, duka la simenti. Kila mahali Nyanjige alisema, "Kamera yenu inaweza kuangaliwa na mtu msiyemjua. Ya kwangu iliangaliwa." Alilisema hivyo hivyo, bila kujificha. Mwenye gesti mmoja alimfokea kwamba anawaharibia biashara. "Basi ukae nayo," alimjibu, "ila wateja wako nitawaambia." Yule bwana alimwita Constantine ndani. Siku hizi kijana haondoki kwa mteja kabla mteja hajaandika paswedi yake mwenyewe, ndefu, na yeye amegeukia ukuta.

Nyanjige mwenyewe hana kamera tena. Chumba cha kufiti amekijengea ukuta wa tofali na mlango wenye komeo la ndani. Kwenye ukurasa wake wa Facebook ameficha orodha ya marafiki, na nguo anazopiga picha zimevaliwa na sanamu la mbao. WhatsApp ameiwekea namba ya siri ya pili ya kuifungulia. Violeth alimfundisha kwa simu, na mama yake akanifundisha mimi, akinikaripia nilipotaka kuweka mwaka wangu wa kuzaliwa.

Kila mwisho wa mwezi anavaa vizuri, anakwenda kituoni kuulizia jalada. Juzi nilimsindikiza. Askari wa zamu, mpya, hakumfahamu.

"Mama, hili ni la siku nyingi," alisema akipekua. "Unajua watu wa mtandaoni ni vigumu kuwapata. Kwa nini usipumzike tu?"

"Nitapumzika mkimpata," alisema Nyanjige, akavuta kiti, akakaa. "Nipo. Endelea kutafuta."