Kombe Lililobaki Bani Malik

Juzi hapa Riyadh, kwenye simu, niliona ligi ya vyuo ya mpira wa kikapu imetangaza bingwa, ingawa msimu ulikatizwa na timu nyingine hazikumaliza mechi. Watu walibishana kuhusu pointi. Mimi nilisikia tu harufu ya lami ya moto.

Nilikuwa mtoto; ilikuwa Ijumaa alasiri kule Jeddah, uwanjani nyuma ya gereji za Bani Malik. Baba, aliyekuwa dereva, alikuwa kapteni wetu. Fainali ilikuwa dhidi ya timu ya mtaa wa Kandara, ambao walitufunga msimu mzima. Akaja mmoja wao tu, Otieno, bado yuko na sare ya ulinzi.

“Msako wa polisi umewabeba wenzangu wote asubuhi,” alisema. “Hawana ikama.”

Leo najua ikama ni kibali cha kuishi, na aliyenacho hakitoi mkononi. Siku hiyo nilidhani ni kitu kama jezi.

“Baba, si uwaazime yako?”

Hakuna aliyecheka.

“Halas, imekwisha,” refa akasema, akimkabidhi Baba kombe. “Hawajafika, kombe ni lenu. Sheria ndiyo hiyo.”

“Sheria gani? Hawa wametupiga kila mara!” Baba alimsukumia Otieno kombe kifuani.

Otieno akalirudisha polepole. “Kaa nalo, ndugu yangu. Mimi sina pa kuliweka.”

Aliondoka kwa vichochoro, amejibana ukutani, akichungulia kila kona. Nilidhani anatafuta kivuli.