Siku Mama Alipotetea Kazi Yake Sebuleni

Ilianza Jumamosi, saa tisa alasiri, kwa harufu ya samaki anayeunguzwa makusudi. Mado, niliyemwita Yaya kama tunavyowaita dada na kaka wakubwa, mmoja wa wanafunzi wawili waliopanga vyumba vya nyuma kwetu mtaani Kikula, alikuwa ameinama juu ya mbabula, jiko letu la makaa, uani, anageuza vipande vya samaki wa ziwa Tshangalele mpaka viwe majivu. Majivu hayo angeyapeleka maabara, wapime kama kuna madini ndani yake. Tanuri la chuo lilikuwa limekaa bila umeme, na yeye hakuwa na muda wa kungoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na njaa ya kawaida ya saa tisa. Nilimtazama samaki mwenye mafuta yake akigeuka unga mweusi bila mtu hata mmoja kulamba kidole. Hata leo nikisikia harufu ya mafuta yanayodondokea makaa, mate hayanijii. Kinachonijia ni uchovu wa nyumba yetu mwaka ule, ambamo kila mtu mzima alikuwa anatafiti kitu na hakuna aliyekuwa analala vizuri.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama alikuwa anamaliza masomo ya sheria, katikati ya vijana waliomwita mama hata darasani. Yaya Trésor, mpangaji wa pili, alikuwa mtu wa hesabu, lakini hesabu zake hazikuwa na namba, zilikuwa herufi tupu kutoka juu ya ukurasa hadi chini, na Yaya Mado alimwambia kila siku kwamba ile si hesabu, ni barua ya mapenzi iliyoharibika. Kisha alikuwepo Gaston, mdogo wake Baba, aliyesoma siasa na kuandika jinsi viongozi wa komini, serikali ya mtaa, wanavyopaswa kuwasikiliza raia. Wote wanne walikuwa wanangoja kutetea kazi yao ya mwisho, ile tunayoiita memware, na kila Jumamosi walikutana kujizoeza sebuleni kwetu kwa sababu tulikuwa na viti vya kutosha. Mmoja anasimama karibu na mlango, wengine wanakaa kama juri, jopo la maprofesa wanaohoji. Rais wa juri nilikuwa mimi. Walinichagua kwa sababu nilikuwa na haya, nilikuwa siongei, na juri isiyoongea haimwangushi mtu. Kazi yangu ilikuwa kukaa katikati na kuitikia kwa kichwa.

Memware ya Mama ilihusu mjane na nyumba. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi kiasi cha kuiota: mume akifa, mke anayebaki ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi. Na majuma yale yale Mama alipokuwa anaandika hivyo, ndugu za Baba waliamua kwamba nyumba yetu iuzwe, sisi twende kwa nyanya, kwenye kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Aliyetumwa kuleta neno hilo ni Gaston. Mama hakugombana naye. Aliomba jambo moja tu, amalize kwanza kutetea kazi yake. Baada ya hapo alianza kufunga nguo zetu polepole, kidogo leo, kidogo kesho, akidhani sioni. Mimi nilikuwa naona. Nilijua kwamba kule ziwani shule iko mbali, na kwamba msichana akikosa mwaka mmoja, mara nyingi harudi tena darasani.

Zamu ya Mama ilipofika, alivaa viatu vya kanisani ili azoee kusimama navyo. Alieleza sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa Kifaransa kizuri, mkono mmoja nyuma. Gaston alikuwa amekaa kwenye kiti cha Baba, anaitikia kwa kichwa.

"Kazi ya nguvu, shemeji," akasema. "Juri ya chuo itapiga makofi."

Yaya Trésor akanigeukia kwa mzaha, kama kila wiki. "Rais wa juri, iko na swali?"

Sijui nini kilinipata. Pengine ni njaa. Nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya mtoto wa jirani. "Mama, kama sheria inasema mujane abakie mu nyumba, juu ya nini sisi tunatoka?"

Gaston alicheka peke yake. "Eh! Ile swali iko inje ya mada."

"Inje namna gani?" akasema Yaya Mado, mikono imejaa majivu. "Iko hapa mu salon, inatuangalia."

"Weye, choma samaki yako."

Mama hakumtazama yeyote kati yao. Alinitazama mimi, akanyoosha mgongo, akajibu kama mtahiniwa. "Ninashukuru juri kwa swali. Sheria iko. Niliisoma, niliiandika. Lakini nikishitaki ndugu za bwana yangu tribinali nitapata nyumba, nitapoteza bantu. Siku huyu Ruti ataolewa, nani atapokea mahari? Siku minye nitakufa, nani atakuja kunizika? Memware yangu haikufika pale. Pale ndiyo mwisho wa utafiti."

"Shemeji, si minye," akasema Gaston. "Ni familia."

"Na weye uko nani, Gaston?"

Gaston alisema ana kazi ya kumaliza, akatoka bila kunywa chai. Yaya Trésor alifuta kiti kile kwa mkono ingawa hakikuwa na vumbi.

Jioni Mama alivua viatu, miguu imevimba, akaniita. Alisema kesho kabla ya kanisa niende kwa baba mdogo, nimwambie kwamba hatutoki. Niende mimi. Kwetu neno zito hutumiwa mtoto. Mkubwa akilisema limekuwa vita, lakini likitoka kinywani mwa mtoto, kila upande unaweza baadaye kusema mtoto hakuelewa vizuri alichotumwa, na watu wakasalimiana tena. Nilimwomba amtume Yaya Mado. Akasema, "Weye ndiye uliuliza."

Leo nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa sita wa sekondari, na nyumba bado ni yetu. Jumatano baada ya Jumamosi ile Mama alitetea kazi yake, wakammwagia unga kichwani, kama afanyiwavyo aliyefaulu, hadi akafanana na mtu aliyeanguka kwenye gunia la unga wa mahindi. Maprofesa walimuuliza kuhusu tanbihi. Swali langu halikuulizwa na mtu. Majivu ya samaki yalisema nini, sikuambiwa, na hesabu ya Yaya Trésor siielewi hata sasa. Ndugu za Baba hutusalimia kwenye misiba na kuondoka kabla ya chakula. Wajane wa Kikula huja kumuuliza Mama ya kwao, naye huwajibu akiwa amesimama, mkono kiunoni, kwa sababu akikaa atalala. Zamani nyumba ilikuwa imejaa watu na haikuwa na uhakika. Sasa uhakika upo, watu hawapo. Wananiuliza nitasoma nini chuoni, nami nimechoka na utafiti kabla ya kuuanza.

Lakini asubuhi ile ya Jumapili sikuwa najua lolote kati ya hayo. Nilienda peke yangu, nimevaa gauni la kanisani. Gaston alikuwa uani kwake, singlendi imelowa, anapiga mswaki. Nikapiga goti kidogo, nikasubiri ateme povu.

"Mama anasema hatutoke," nikasema.

Alinitazama mpaka nikaona aibu. "Anasema tena nini?"

"Basi tu."

Alisukutua, akatema, akaingia ndani. Nilisimama pale nikingoja jibu, kisha nikaelewa kwamba halitakuja, nikarudi. Mama alikuwa mlangoni amevaa tayari, kitambaa kichwani. Hakuniuliza Gaston amesema nini. Aliniuliza kama nilimsalimia kwanza. Nikamwambia ndiyo, nilipiga goti. Akafunga mlango kwa ufunguo, akauweka kifuani, tukaenda kanisani.