Uvimbe wa Upande wa Pili

Shemeji yangu Thuranira alijua kilichomuua mume wangu, akanyamaza, akaacha ukoo uniite mchawi.

Mume wangu aliitwa Njura. Alikuwa akibeba mikungu ya ndizi sokoni Gakoromone, mtu wa utani, kila mteja kwake alikuwa shemeji. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kuangusha mizigo. Hospitalini walimpasua kichwa wakatoa uvimbe, akarudi nyumbani akijisifu kwamba sasa ana mlango wa kuingizia akili. Haukupita muda, uvimbe mwingine ukaonekana upande wa pili wa ubongo.

Huo wa pili ndio ulioniponza. Mimi ni mzaliwa wa Siakago, na kule Meru kwa kina Njura walishasema watu wa kwetu wanajua dawa za kuroga. Wakaulizana: umetolewa upande huu, umeingiaje ule kama hakuna anayeutuma?

Daktari alituita mimi na Thuranira. Sikusoma, kwa hivyo alinieleza polepole. Kila seli ya mwili hubeba maagizo yote, yaitwayo jeni, lakini mengi huwa yamezimwa. Kuna agizo la kuhama, ambalo hufanya kazi mtoto akiumbwa tumboni, kisha huzimwa. Kwa Njura lilikuwa limewashwa tena. Seli zilishatambaa ubongoni kabla ya kisu kufika.

Thuranira akauliza, "Kwa hivyo si kitu alicholishwa?"

"Hapana," daktari akasema. "Hakulishwa kitu."

Tulipomzika Njura, sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe niliyopika mwenyewe, ilibaki imejaa; hakuna aliyethubutu kula. Kwenye kikao cha ukoo Thuranira aliulizwa daktari alisema nini. Nilisimama mlangoni nikiutazama mdomo wake.

"Hata daktari alishangaa," akasema.

Nilijaribu kueleza mwenyewe. Wakacheka. "Mama Kinya, tuambie, seli za nani zina miguu?"

Asubuhi iliyofuata nilikuta mlango wangu umelowa petroli. Kiberiti hakikuwashwa. Nilimchukua binti yangu Kinya tukakimbilia kwa mama yangu Siakago. Hata sasa, pikipiki ikipunguza mwendo karibu na ua, namziba Kinya mdomo na kuzuia pumzi yangu hadi ipite.

Ndizi za shamba letu kule Meru sasa Thuranira anakata yeye. Akate. Ninachomdai ni asimame mbele ya watu wale wale, aseme alichosikia kwa masikio yake: hakulishwa kitu.