Radi Sita, Kutoka Emali Hadi Mutomo

Niliondoka mjini Wote kwa sababu mama aliamka Jumatano moja akatangaza kwamba hatatia mguu kanisani tena mpaka mwanawe arudishwe nyumbani. Kwa mtu aliyeongoza maombi ya akina mama kila wiki, hilo lilikuwa jambo zito kuliko kususia chakula. Jirani yetu, dereva wa lori, alikuwa amemwona ndugu yangu Kioko kando ya barabara kule Sultan Hamud, akielekea Emali, gitaa la umeme mgongoni, nywele zimesimama kama aliyegusa waya. Kioko alipaswa kuwa chuo cha ualimu. Kumbe alikuwa ameacha masomo akajiunga na bendi ya roki.

"Mwende," mama akaniita kwa jina, "nenda umlete. Mkuu wa chuo amesema watampokea akifika kabla ya Jumatatu. Ukimkosa Emali, mfuate kokote alikoenda."

Nilifaa kutumwa. Nilikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, na masikio yangu hayakuwa na huruma. Mwaka uliotangulia rafiki yangu mmoja alinipeleka Machakos kutazama bendi ya namna hiyo. Nilirudi na maumivu ya kichwa na imani kwamba muziki wa roki ulibuniwa na watu waliokataliwa kwenye kwaya.

Emali niliingia asubuhi, siku ya soko. Sikuhitaji kuulizia. Kwenye kila ukuta wa duka palikuwa na karatasi imebandikwa: Radi Sita, leo, karibu na stesheni, mchana. Niliwakuta wakishusha spika kutoka kwenye pikapu. Walikuwa watu wanne. Nilipouliza hao radi wawili wengine wako wapi, mpiga ngoma, kijana mpole aliyeitwa Musembi, aliniambia jina lilichorwa kabla ya watu kupatikana.

Kiongozi wao alijiita Johnny Radi. Jina lake alilopewa na mamaye lilikuwa Munyao, mzaliwa wa Kangundo, lakini alijifanya hajui Kikamba hata neno, na Kiswahili alikitamka kama mtu aliyeungua ulimi. Jua la Emali lilikuwa katikati ya kichwa, na Johnny alikuwa amevaa suruali ya ngozi. Alipotembea suruali ililia. Jasho lilimtoka mpaka viatu vikawa vinateleza.

"Sista, umekuja kuniona?" akaniuliza.

"Nimekuja kumchukua mtu," nikamjibu.

Onyesho lilianza kwa mlio wa spika uliofanya mbuzi wa sokoni wakate kamba. Johnny akaruka mbele, akainua mkono. "Emali, mko redi?"

Mama mmoja aliyekuwa na fungu la vitunguu akamgeukia mwenzake. "Huyu anauza nini?"

Kisha wakapiga. Sitasema waliimba. Musembi alikwenda mbele na mapigo, mpiga gitaa la besi alibaki nyuma, naye Johnny alipiga kelele katikati kama anayetenganisha wagomvi. Ndugu yangu alisimama amewapa mgongo watu wote, amekumbatia gitaa, uso ukitazama matairi ya pikapu. Wakati Johnny alipofikia mahali pa kupiga magoti, treni ya mizigo ikaingia stesheni. Honi yake ilimmeza yeye na bendi yake. Watu wote wakageuka kutazama treni, na ilipoondoka bwana mmoja kando yangu akaipigia makofi. Mimi pia nikapiga. Kilikuwa kitu pekee siku hiyo kilichofika kwa sauti safi.

Baada ya onyesho nilimkalisha Kioko kwenye hoteli moja, mbele ya chai na mandazi. Alikuwa amekonda.

"Mama haendi kanisani," nikamwambia.

Alikoroga chai. "Nimesikia."

"Na umeacha chuo kwa ajili ya ile suruali?"

"Si kwa ajili ya Johnny. Mwende, mimi darasani nilikuwa naandika somo la hesabu ubaoni huku vidole vyangu viko kwingine. Siwezi kukueleza."

"Usinieleze. Panda gari twende."

Hakupanda. Kesho yake bendi ilikuwa inapiga Kambu, na kwa kuwa mama alisema nimfuate, nilikaa nyuma ya pikapu juu ya ngoma, vumbi na moshi wa malori ya Mombasa ukinipiga usoni, nikijiuliza dhambi gani nilitenda.

Kambu ilikuwa mbaya kuliko Emali, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Walipiga kwenye ua wa baa moja iliyotazama barabara kuu, watazamaji wakiwa madereva, matingo, na akina mama wauza machungwa. Mimi Kiingereza nimesoma, lakini maneno ya Johnny hayakuwa Kiingereza cha nchi yoyote. Neno moja tu lilisikika, "bebi", na alilirudia hadi mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha akamfunika mtoto wake kwa leso akahama.

Dereva mmoja akapaza sauti kwa adabu kabisa: "Kijana, hebu tupigie moja ya Kikamba."

Johnny akaileta maikrofoni karibu na mdomo. "Mimi siimbii washamba."

Kisha ganda la chungwa likaruka, likagonga ile suruali ya ngozi katikati ya paja. Likafuata la pili, na kisha chungwa lenyewe. Sijawahi kuona mwanamume akikasirika kwa ajili ya nguo namna ile. Johnny alichomoa waya wa maikrofoni, akashirikiana na rafiki yake mwenye pikapu kubeba jenereta iliyowapa umeme, wakaitupa nyuma, wakaingia. "Mombasa kuna watu wanaoelewa!" akapiga kelele dirishani, na pikapu ikashika barabara.

Ndugu yangu alikuwa bado amefumba macho, kageukia ukuta, akichezesha vidole. Umeme ulikuwa umekatika, gitaa halisikiki, naye hakujua kiongozi wake ameondoka mpaka Musembi alipomgusa bega.

"Basi," nikasema. "Hata Mungu ameingilia. Twende nyumbani."

Lakini palikuwa na mama mmoja pale, amesimama kando ya lori la mifugo, mikono kiunoni, buibui jeusi limejaa vumbi jekundu. Watu walimwita Mama Abdi. Familia yake ilitoka kaskazini mashariki, na yeye alikuwa na duka Mutomo. Mumewe alileta ng'ombe barabarani kwa lori na kurudi nalo tupu. Yeye ndiye aliyeialika Radi Sita Mutomo.

"Mnakwenda wapi?" akawauliza.

"Mama, hatuna mwimbaji," Musembi akasema. "Hatuna jenereta."

"Mimi nimetangaza dukani kwangu, nimetangaza sokoni. Nimewaambia watu muziki unakuja kesho. Nyinyi mnataka niitwe mwongo Mutomo nzima kwa sababu ya suruali ya mtu? Pandeni."

Kioko akanivuta kando. "Nipe Mutomo tu. Ukisikia ukasema ni takataka, nitarudi na wewe chuo. Sitabishana."

Nilikubali haraka. Kwa niliyoyasikia siku mbili hizo, niliona nimeshamfikisha chuoni.

Tulipita Kibwezi tukaiacha lami. Baada ya kuvuka mto Athi, nchi ikazidi kukauka, miiba na mchanga mwekundu, mbuzi wakisimama kwa miguu ya nyuma kutafuta majani. Sakafu ya lori ilikuwa na samadi mbichi, na kila tulipoingia shimo spika zilinisukuma ndani yake. Mjini Ikutha tulinunuliwa soda na Mama Abdi. Mutomo tulifika jioni, akatupa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, na maji ya kuoga, mimi wa kanisa na hao walioliacha kwa pamoja, bila kutuuliza tunaabudu wapi.

"Huyu ni ndugu yako?" akaniuliza tukiosha vyombo.

"Ndiyo, mama. Nimekuja kumrudisha."

"Mwanangu mmoja pia nilimrudisha," akasema. "Yuko dukani. Anapima sukari kama mtu aliyefungwa jela."

Asubuhi ya soko tatizo likawa umeme. Mahali pekee sokoni palipokuwa na dainamo ni kwenye mashine ya kusaga unga, na mwenye mashine, Bwana Mutemi, hakuwa mpenzi wa muziki.

"Injini yangu haisimami," akawaambia. "Nitasaga. Nyinyi pigeni kelele zenu hapo mlangoni."

Ndivyo ilivyokuwa. Waya ulikuwa mfupi, ukafika mlangoni tu, na migongo yao ilibanwa ukutani. Kioko hakuwa na pa kugeukia. Kwa mara ya kwanza alilazimika kuwatazama watu: foleni ya akina mama wenye madebe ya mahindi, wanunuzi wa mbuzi, wagonjwa wachache waliotoka hospitali ya misheni kunyoosha miguu. Ndani injini ilipiga puku, puku, puku. Musembi alijaribu kuishinda, akashindwa, akasonya. Halafu akaacha kupigana nayo. Akaifuata. Ngoma ikakaa juu ya injini, besi ikaingia katikati, na ardhi niliyosimama ikaanza kutikisika kwa mpango.

Kioko akaimba. Kwa Kikamba.

Nilitafuta cha kudharau, na kilikuwepo. Aliingia kuchelewa. Sauti yake ilikwaruza, na pale juu ilipasuka. Kwenye kwaya yangu asingefika mazoezi ya pili. Lakini niliposikia maneno, niliacha kuhesabu makosa. Aliimba ule mwaka wa kiangazi kikali, baba alipopeleka ng'ombe wetu upande wa Kambu kutafuta nyasi. Aliimba asubuhi tuliyoamka tukamkuta baba ameketi langoni, kamba za ng'ombe begani, ng'ombe hakuna. Baba hakuzungumza siku nyingi baada ya hapo, na mwaka huo haukuisha akiwa hai. Nyumbani kwetu habari hizo hazikutajwa kamwe. Tuliziombea bila kuzitaja. Na sasa ndugu yangu alikuwa anazipigia kelele mlangoni pa mashine ya unga, na alipofika mahali pa jina la baba hakulitaja, alilifanya gitaa lilie, sauti mbaya, ya kukereketa, kama ng'ombe anayeita maji. Hakuna wimbo wangu wowote wa kanisani ambao ungeweza kutoa sauti ile, maana sisi hutafuta sauti nzuri.

Foleni ilisimama. Madebe ya mahindi yaliwekwa chini. Bwana Mutemi akatoka nje, mweupe kwa unga, kuuliza mbona hakuna anayesaga, akabaki hapo hapo. Mume wa Mama Abdi, aliyekuwa akibishania bei ya fahali, aliuachia mkono wa mwenzake, akavua kofia yake. Wimbo ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi.

"Rudia," mama mmoja wa foleni akasema, kwa ukali, kama anayedai haki yake.

Akarudia.

Mchana, wakikunja waya, Kioko alikuja akasimama mbele yangu. "Haya, sema."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, takataka, na mama angenipokea kwa furaha.

"Johnny akirudi kwenye bendi hii," nikamwambia, "nitakuja nikuburute kwa masikio."

Jumapili nilipanda lori hilohilo hadi Kibwezi, nikatafuta basi la kunifikisha Wote, nikiwa peke yangu. Tangu hapo nimehudhuria maonyesho mengi ya roki, kwa kuwa ndugu yangu ni huyo, na mengi nimeyadharau kwa moyo wote. Wako akina Johnny wengi, na wote wana suruali. Kelele si kosa lao. Kosa lao ni kupiga kelele huku hawana wanalotaka kusema. Hilo nililijifunza Mutomo, na hata kwaya yangu ililipata: nilianza kuwauliza waimbaji wangu wanamaanisha nini, na wengine wakakasirika wakahamia kanisa la jirani.

Jioni nilimkuta mama jikoni, anachagua maharagwe kwenye ungo.

"Yuko wapi?"

"Mutomo, mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Nilikutuma ulete mtoto. Umeniletea habari."

Nikamweleza yote, Emali, Kambu, mashine ya unga. Hakuinua uso. Nilipofika kwenye wimbo, mikono yake ikasimama.

"Anamwimba baba yenu? Mbele ya watu?"

"Ndiyo."

"Imba nisikie."

Niliimba pale jikoni, bila ngoma, sauti yangu nzuri isiyofaa kabisa wimbo ule. Nilipofika mahali ambapo ng'ombe wa mwisho anaanguka ng'ambo ya Kambu, mama akainua mkono.

"Hapana. Yule wa mwisho hakufia Kambu. Baba yenu alifika naye hapa usiku, nyinyi mmelala. Nikampa ng'ombe maji yaliyobaki, yote, hata ya kupikia. Baba yenu alikaa naye langoni amemshika kichwa hadi akafa, ndipo akamfungua kamba, tukamfukia kabla hamjaamka." Akarudia kuchagua maharagwe, polepole. "Kioko hajui. Mwambie aiweke hiyo wimboni."