Habari Iliyosubiri Saa Saba

Jumapili ya pili ya mwezi wa nne. Mvua imepiga bati tangu alfajiri, ikakata kidogo adhuhuri, sasa imerudi. Uani maji yamefika kizingiti cha jiko.

Mwanangu Rehema, juzi ulinionyesha mchoro wa ofisi unayotaka kuijenga kule Goba. Ulisema wafanyakazi wako wamezoea kufanyia kazi majumbani, nawe unataka mahali watakapopapenda kuliko kwao. Ukaniuliza naonaje. Nilikujibu ni nzuri, nikanyamaza, ukadhani sijaelewa. Nilielewa. Mie niliyeishia darasa la saba sijui kompyuta, lakini ofisi ya namna hiyo niliwahi kuibuni. Leo nimechukua daftari niyaandike yaliyotokea, maana kwa mdomo ningeruka sehemu zinazoniaibisha.

Nakumbuka siku moja, enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni na mafundi cherehani wengi hawana kazi, Mzee Salehe aliniita. Alikuwa na biashara ya sare za shule, nami nilikuwa mkata vitambaa wake, kijana wa miaka ishirini na saba. Wanawake sita walitushonea, kila mmoja nyumbani kwake, hapa hapa Temeke. Sare zilikuwa zikirudi na harufu ya moshi, nyingine na doa la mchuzi. Akaniambia, "Tafuta namna waje washonee hapa. Lakini usiwaburure. Watengenezee mahali pazuri mpaka waje wenyewe."

Nilifurahi mno. Nilipiga kuta rangi ya maziwa, nikafunga feni mbili na taa za tyubu, nikatafuta viti vyenye migongo, nikaweka mtungi wa maji ya baridi. Vyerehani nilivipanga mstari mmoja vikitazama ukuta, ili watu wasipige soga. Sikumuuliza hata mmoja wao. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mie nilitandika kitanda cha watu sita ambacho sikukilalia hata usiku mmoja.

Siwezi kusema hawakupapenda kabisa, nitakuwa mwongo. Bi Zuhura, mkubwa wao kwa umri na kwa ulimi, alikuja siku ya kwanza akakaa chini ya feni. "Alhamdulillahi!" alisema. "Nyumbani nina wajukuu saba na mume aliyepunguzwa kazini, ananidai chai kila saa. Nani arudi huko?" Kisha akautazama ukuta. "Ila wewe kijana, mbona umetupanga kama wanafunzi waliochelewa namba? Kosa letu nini?" Wenzake wakaangua kicheko. Nilicheka nao, na sikugeuza hata cherehani kimoja.

Aliyekataa kuja alikuwa Tatu, na ndiye fundi wetu bora. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, na Tatu ndiye mtoto wake wa pekee. Cherehani chake alikiweka mlangoni pa chumba cha mgonjwa. Mama akisikia kimenyamaza huita, na Tatu huingia kumgeuza au kumpa maji. Nilimwendea mara mbili. Mara ya pili alinijibu, "Kaka, ofisi yako nimeiona, nzuri. Lakini zile feni zitamgeuza mama?"

Niliona ni kiburi. Sasa naona lilikuwa swali tu, tena lilikuwa na jibu lake kama ningekaa kulitafuta. Badala yake nilimshauri Mzee Salehe kwamba asiyekuja asipewe vitambaa. Alisita. Mie ndiye niliyesisitiza, asije mtu akamlaumu mzee wa watu, naye sasa ni marehemu. Jumatatu iliyofuata Tatu akaja, mgonjwa kamwachia jirani yao, Mama Kibwana.

Nilikuwa na kanuni nyingine. Watu walikuwa wakija kuwaita mafundi kila mara: huyu muuza vitumbua, yule wa mchezo wa upatu, mwingine shangazi anapita tu. Nikaamuru kila anayekuja aache habari kwangu kaunta, nami nitaifikisha saa saba, wakati wa kula. Kama kanuni ilikuwa mbaya au aliyeishika ndiye mbaya, mpaka leo nabishana na nafsi yangu.

Jumatano, yapata saa nne, Mama Kibwana aliingia akihema.

"Niitie Tatu. Mama yake anamtaka."

"Shikamoo mama. Yuko kazini."

"Marahaba. Najua yuko kazini, baba, ndiyo maana nimekuja huku. Mgonjwa anamtaja jina."

"Saa saba wanapumzika. Nitamwambia."

"Saa saba?" Alizitazama feni zikizunguka. "Haya, nyie watu wa ofisi." Akarudi mbio kwa mgonjwa wake.

Hakusema mtu anakufa, na kwa haki, huenda hakujua. Lakini nami sikumuuliza swali hata moja.

Nilimwambia Tatu saa saba kamili, tena nikijiona nimetimiza ahadi. Alitoka bila viatu. Alimkuta mama yake kafunikwa shuka. Mwanangu, desturi yetu unaijua: anayekata roho hutiwa maji mdomoni kidogo kidogo na kutamkiwa shahada, na kila mzazi hutamani afanyiwe hivyo na mwanawe. Mama Kibwana alifanya yote mawili, Mungu amlipe. Alisimulia kwamba mgonjwa alikuwa akigeuza macho mlangoni, akiuliza mbona cherehani kimenyamaza.

Nimejaribu kujitetea kwamba Tatu asingewahi. Lakini roho ilitoka karibu na saa sita, na kutoka ofisini hadi kwao ni mwendo wa dakika kumi.

Matanga yalipoanuliwa nilikwenda kuomba radhi. Nilimkuta anafunga mizigo, anahamia kwa mjomba wake Gongo la Mboto. Alinipa kiti, akanipa na maji.

"Nimekusamehe, kaka. Hukumuua mama," alisema. "Ila nilikuwa hatua kumi kutoka aliposimama Mama Kibwana, nashona kola, vyerehani vinalia masikioni, nimeelekezwa ukutani."

Hakutushonea tena, na sijamwona tena.

Niliporudi niliwauliza waliobaki, kwa mara ya kwanza, wanataka nini. Bi Zuhura siku hiyo hakutania. "Geuza vyerehani vitazame mlango," alisema. "Mtu akija kutuita, tumwone wenyewe." Tulivigeuza jioni ile ile. Mwenye mgonjwa au kichanga akaruhusiwa kushonea kwake, bila kunyang'anywa kazi. Ajabu ni kwamba baada ya hapo walikuja kwa hiari, hata siku nisizowatarajia. Sijui kama nina haki ya kuifurahia ofisi iliyonyooka kwa msiba wa mtu.

Basi, mwanangu, nyumba njema si mlango. Mchoro wako una viti laini na mashine ya kahawa; sivilaumu, feni zangu nazo zilipendwa. Lakini kabla ya kuuliza utawavutaje, muulize kila mmoja anamwacha nani anapofunga mlango wa kwake. Anayekimbia kelele, mpe kiti. Mwenye mtu anayemsikiliza ndani, mwache abaki kwake, wala usimwone mvivu. Na habari ya nyumbani ikifika ofisini kwako, isilale kaunta hata dakika moja. Mtu hutulia mahali anapojua kwamba akiitwa kwao, hakuna atakayemzuia. Huenda nimekosea mengine, wewe umesoma kunizidi, lakini hili sijakosea.

Mungu akupe watu wanaokuja kwako kwa moyo na wanaofika kwao kwa wakati. Akuepushe na kosa lisiloweza kurekebishwa. Amina.

Jioni hii tumekula ugali na kisamvu cha nazi. Mama yako alisema chumvi imezidi, mie sikuitambua.